Kikomo kinapombana mteja, na deni linapombana

Julai 2025, FHFA, mamlaka ya Marekani inayosimamia Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni mbili zinazonunua mikopo ya nyumba, ilitangaza kwamba wakopeshaji wanaoziuzia mikopo yao wataruhusiwa kutumia alama za mkopo za VantageScore 4.0, yaani tarakimu zinazokadiria kama mtu atalipa deni, baada ya miaka mingi ya kutegemea alama za zamani za kampuni ya FICO peke yake. Habari hiyo ilisomwa kama habari ya nyumba, na mjadala ukageuka kuwa wa nani kamshinda nani kati ya wauzaji wawili wa alama za mkopo. Jambo lililopita kimyakimya ni jinsi alama hizo zinavyomsoma mwenye kadi ya mkopo. VantageScore 4.0, iliyotoka mwaka 2017, na FICO 10T, iliyotangazwa mwaka 2020, haziishii kwenye deni lililoonekana siku taarifa zilipochukuliwa. Zinarudi nyuma takriban miezi 24 kuangalia deni hilo lilikuwa likielekea wapi na, pale taarifa hizo zinapokuwepo, mwenye deni alikuwa akilipa kiasi gani kila mwezi.

Wakati huohuo watu wanaendelea kuulizana swali lilelile la siku zote: nitumie kiasi gani cha kadi ili benki inipandishie kikomo, yaani kiasi cha juu ninachoruhusiwa kukopa? Naona swali limekaa vibaya. Kiasi kinachotumika kina uzito mdogo kuliko njia inayopitiwa na fedha hizo: zilitoka lini, zilirudi lini, na nini kilibaki nyuma. Benki hupandisha kikomo kwa moyo mweupe pale inapoona mambo mawili kwa pamoja, kwamba kikomo kinambana mteja, maana matumizi yake yanakikaribia, na kwamba deni halimbani, maana analilipa bila shida. Mteja anayebanwa na vyote viwili anaitia benki hofu. Asiyebanwa na chochote haipi sababu ya kuhangaika naye. Ushauri mwingi unaozunguka mitaani unashindwa kwa sababu unashughulikia jambo moja na kulisahau la pili.

Tuanze upande wa benki, maana huko ndiko uamuzi unakofanyika. Kikomo cha kadi ni ahadi. Benki inapoandika kwamba unaweza kukopa hadi 5,000, imekubali kuzitoa siku yoyote utakayozitaka, hata kama siku hiyo umepoteza kazi, mradi haijawahi kukikata kikomo kabla. Ahadi hiyo ina gharama hata kabla hujagusa senti. Chini ya kanuni za kihesabu za IFRS 9, zilizoanza kutumika mwaka 2018, benki inatakiwa kukadiria hasara inayoweza kutokea hata kwenye sehemu ya kikomo ambayo haijakopwa. Nazo kanuni za Basel, za kimataifa kuhusu mtaji wa benki, zilizokamilishwa Desemba 2017 zilifuta utaratibu wa zamani wa kuihesabu ahadi inayoweza kufutwa wakati wowote kama sifuri, zikataka asilimia 10 yake ihesabiwe kama mkopo uliokwisha kutolewa. Kwa hiyo kila nyongeza ya kikomo inachukua nafasi kwenye vitabu. Anayedhani benki inapandisha vikomo bila kujali, kwa kuwa eti ni tarakimu tu kwenye kompyuta, hajaiona hesabu hii.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa vitengo vya benki vinavyopima hatari ya mikopo wanalijua vizuri mno: mteja anayeelekea kushindwa kulipa kwa kawaida hujaza kadi kwanza. Kabla ya kuchelewesha malipo hata mara moja, huanza kulipia kwa kadi vitu ambavyo zamani alilipia kwa mshahara, halafu huchukua fedha taslimu kwenye kadi, kisha hulipa kiwango cha chini tu. Ndiyo maana siku anaposhindwa, hasara ya benki hukaribia kikomo chote, hata kama miezi sita nyuma alikuwa anatumia robo yake. Ukilielewa hili, unaelewa kwa nini kadi inayojaa haraka haisomwi kuwa ni bidii ya mteja mwaminifu. Inafanana sana na hatua za mwanzo za mtu anayezama. Kuchukua fedha taslimu kwa kadi ndiko kunakofanana nazo zaidi, na sioni haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Hata hivyo, wanaosema tumia kadi upandishiwe wana hoja ya kweli, tena si ndogo. Kadi iliyolala haiiletei benki chochote. Benki hupata ada kutoka kwa mfanyabiashara kila kadi inapopitishwa, na hupata riba kwa anayebakiza deni. Kadi ya kabatini haina kimojawapo, na ahadi yake inaendelea kukaa vitabuni. Wakati wa msukosuko wa fedha wa 2008 na 2009, na tena janga la korona lilipoingia mwaka 2020, benki nyingi za Marekani zilikata vikomo na kufunga kadi zisizotumika, zikiwemo za watu ambao hawakuwahi kuchelewa kulipa. Walioumia walishangaa. Kwa macho ya benki, kukata ahadi isiyoleta mapato ndiyo hatua rahisi kuliko zote.

Nami yalinikuta. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nalipa deni kabla hata taarifa ya mwezi haijatoka, nikijiona mtu wa nidhamu ya kipekee. Nilipoomba kikomo kipandishwe, benki ilinijibu kwa sentensi moja: kikomo ulicho nacho hukitumii vya kutosha. Nilikasirika kwa siku nzima, kisha nikakubali kwamba walikuwa sahihi. Nilikuwa naomba chombo kikubwa zaidi huku changu kikiwa hakijawahi kufika nusu. Hawakuwa wanataka nikope zaidi. Walitaka kuona mahali popote ambapo kikomo cha zamani kilikuwa kimenizuia, na hapakuwepo.

Upande wa pili wa mjadala unasimama kwenye namba moja, asilimia 30. Usivuke asilimia 30 ya kikomo, watu huambiana, ukivuka umejiharibia. Asili ya ushauri huu inaeleweka. Katika alama za FICO zinazotumika zaidi, historia ya kulipa kwa wakati ina uzito wa takriban asilimia 35, na kiasi unachodaiwa takriban asilimia 30. Ndani ya fungu hilo la pili, uwiano wa deni na kikomo una nafasi kubwa. Lakini hakuna ukuta unaosimama kwenye 30, kwamba mwenye 29 yuko salama na mwenye 31 ameanguka. Ni mteremko tu: uwiano ukishuka, alama hupanda, na wenye alama za juu kabisa kwa kawaida wako chini ya asilimia 10. Namba 30 imekaa vinywani kwa sababu inakumbukika.

Kasoro kubwa zaidi ya ushauri huo ni kwamba unachanganya macho mawili tofauti. Jicho la kwanza ni la taasisi za kumbukumbu za mikopo, ambazo kwa kawaida hupokea salio lililoandikwa siku taarifa ya mwezi inapofungwa. Chukua mtu mwenye kikomo cha 1,000 anayetumia 900 kila mwezi na kulipa zote 900 kabla ya tarehe ya mwisho. Halipi riba hata kidogo. Kwenye kumbukumbu, hata hivyo, anaonekana na uwiano wa asilimia 90, sawasawa na mtu aliyekwama na deni la 900 mwaka mzima akilipa kiwango cha chini. Jicho la pili ni la benki iliyotoa kadi. Yenyewe inaona kila kitu: siku uliyolipa, kiasi ulicholipa, ulinunua nini, mara ngapi umegonga ukomo na muamala ukakataliwa. Kikomo kinapandishwa na benki hii, ambayo ina alama zake za ndani za mwenendo wa mteja na huziangalia pamoja na zile za nje. Kwa hiyo mtu wa 900 anaweza kuwa mbaya machoni pa mkopeshaji mgeni, na wakati huohuo akawa ndiye mteja ambaye benki yake ina sababu nzuri zaidi ya kumpandishia. Kikomo kinambana, deni halimbani.

Hapo ndipo alama mpya zinapobadilisha mambo, na ndipo wasomaji wa ile habari ya nyumba walipopitwa. Katika alama za zamani, mlipaji kamili na mbeba deni wenye salio moja walionekana pacha. Ukiwapa wote wawili historia ya miezi 24, nayo ikawa na kiasi walicholipa kila mwezi, upacha unakufa. Mmoja kila mwezi analipa kiasi kinacholingana na salio lote. Mwingine analipa kidogo tu, na mstari wa deni lake unabaki palepale au unapanda ngazi kwa ngazi bila kushuka. Jicho la nje linaanza kuona baadhi ya yale ambayo benki ya kadi ilikuwa inayaona peke yake. Kwa mlipaji kamili ni nafuu iliyochelewa. Kwa aliyezoea kusafisha salio mwezi mmoja tu kabla ya kuomba mkopo mkubwa, ujanja ule umepungua nguvu, maana miezi 23 iliyotangulia bado inasema.

Kuna hoja moja ambayo ningependa tuizike, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba mtu abakize deni kidogo kila mwezi kwa makusudi, alipe riba kidogo, ili benki imwone kuwa mteja mwenye faida na imzawadie kikomo. Nimeisikia kwa watu wenye elimu zao. Kwanza, matumizi yako yameshaonekana kwenye taarifa ya mwezi hata ukilipa zote siku inayofuata. Huhitaji kubakiza kitu ili uonekane unatumia kadi. Pili, ione hesabu yenyewe. Deni la 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka ni karibu 20 za riba kwa mwezi. Kama kiwango cha chini cha kulipa ni asilimia 3, unatoa 30, na 10 tu ndizo zinazopunguza deni. Tatu, kuna mahali ambapo tabia hii inakuondoa moja kwa moja kwenye foleni ya nyongeza. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2018 za FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, zinamhesabu mteja kuwa ndani ya deni sugu ikiwa kwa miezi 18 amelipa riba, ada na tozo nyingi kuliko alichopunguza kwenye deni lenyewe, na kampuni za kadi huko zilikubaliana kutompelekea mtu aliyedumu katika hali hiyo ofa ya kikomo asichokiomba. Anayebakiza deni kama sadaka anaitoa kwa mungu asiyeipokea.

Lakini nisiwe mwepesi mno. Hoja hiyo ina ndugu yake mwenye nguvu zaidi, asiyestahili kuzikwa pamoja naye. Ni kweli kwamba riba ndiyo chanzo kikubwa cha mapato ya kadi, kwa hiyo benki ina hamu na wabeba deni. Benki nyingi huanza na kikomo kidogo kwa mteja mpya mwenye historia fupi, zikamwangalia kwa miezi kama sita, zikaongeza, zikaangalia tena. Katika majaribio hayo, anayebeba deni la wastani na kulipa vizuri zaidi ya kiwango cha chini hupandishiwa pia, tena bila kuomba. Je, hilo haliikati hoja yangu? Linaipunguza makali, silikatai. Linachoonyesha ni kwamba ile sharti ya deni kutombana mteja ina upana wake; benki inavumilia deni mradi linasogea kwenda chini au limetulia mbali na ukomo. Haivumilii deni linalokifuata kikomo kila kinapopanda.

Hapa ndipo utafiti unapotoa mwanga ambao benki haziuweki kwenye matangazo. Mwaka 2002 wachumi David Gross na Nicholas Souleles walichapisha uchambuzi wa akaunti nyingi za kadi nchini Marekani, wakakuta kwamba kikomo kikiongezwa, deni hupanda upesi, kwa wastani wa senti 10 hadi 14 kwa kila dola ya nyongeza. Waliopandisha deni hawakuwa tu wale waliokuwa wamegonga ukomo. Hata waliokuwa mbali nao walikopa zaidi. Mwaka 2018 Sumit Agarwal na wenzake walilichimba zaidi suala hilo. Kwa wenye alama za chini, 660 kushuka, kila dola ya nyongeza ilizaa takriban senti 59 za deni ndani ya mwaka mmoja. Kwa wenye alama zaidi ya 740, jumla ya deni lao haikusogea kwa kiasi cha kutajika. Na kwa makadirio yao, benki zikipata fedha kwa bei nafuu, vikomo huwaongezea hasa hao wa mwisho, ambao hawavihitaji. Sababu haikuwa chuki. Kwa wenye alama za chini, kila nyongeza ya kikomo ilileta hasara kubwa ya mikopo isiyolipwa, na faida ikaisha haraka.

Ukiyaweka matokeo haya pembeni ya ushauri wa mitaani, unaona kwa nini kutumia sana ni dawa inayofanya kazi kwa asiye mgonjwa. Mwenye kipato cha kutosha akipitisha matumizi yake yote kwenye kadi na kulipa yote, kikomo chake kitapanda, naye atasema kwa uhakika kwamba siri ni kutumia. Mwenye kipato kinachoyumba akifuata ushauri uleule, atatumia, atashindwa kulipa yote, mstari wake wa deni utapanda ngazi, na nyongeza haitakuja. Wote wawili walitumia. Kilichowatenganisha ni kipato, na kipato hakionekani kabisa kwenye kumbukumbu za mikopo. Benki inakijua kwa kuambiwa au kwa kukiona kikiingia kwenye akaunti. Nchini Marekani sheria ya CARD ya mwaka 2009 inaitaka kampuni ya kadi ipime uwezo wa mteja kulipa kabla ya kumfungulia kadi au kumpandishia kikomo. Mtu aliyepandishwa mshahara miaka mitatu iliyopita na hajawahi kuitaarifu benki anapimwa kwa mshahara wa zamani, na hakuna kiasi cha matumizi kitakachoziba pengo hilo. Kabla ya kubadili tabia ya matumizi, kurekebisha taarifa ya kipato ni jambo la dakika tano. Kabla ya kuomba, ni vizuri pia kuuliza kama ombi litaacha alama ya ukaguzi kwenye historia yako, kwa sababu baadhi ya benki huacha na nyingine haziachi. Kwa FICO, alama hiyo huhesabiwa kwa mwaka mmoja, ingawa inabaki kwenye kumbukumbu kwa miaka miwili.

Nyongeza ikija, inaleta faida ya hesabu ambayo mara nyingi ndiyo watu wanayoitafuta. Deni la 400 kwenye kikomo cha 1,000 ni asilimia 40. Kikomo kikifika 2,000 linakuwa asilimia 20 bila wewe kufanya chochote. Faida hiyo inadumu ikiwa deni limebaki 400. Senti 59 za Agarwal zinatuonyesha kwamba kwa wengi wenye alama za chini halibaki, na ndiyo maana baadhi ya nchi zimeacha kuichukulia nyongeza kama zawadi. Kanada tangu mwaka 2010 inadai ridhaa ya wazi ya mteja kabla kikomo hakijapandishwa. Australia tangu mwaka 2018 imepiga marufuku benki kumpelekea mteja mwaliko wa nyongeza asiyouomba, kwa njia yoyote ile. Watunga sheria hao waliona kwamba ujumbe wa kumpongeza mteja kwa kikomo kipya ni tangazo la biashara lililovaa nguo za cheti.

Kinachonipa wasiwasi kuhusu usomaji mpya wa miezi 24 hakina uhusiano na ujanja wa kusafisha salio. Mstari wa deni unaopanda ngazi hausemi kwa nini unapanda. Anayelipia matibabu ya mzazi kwa miezi minane, akijua ana fedha zinazokuja mwezi wa tisa, anachora mstari uleule anaouchora aliyepoteza mwelekeo. Kadhalika anayelipwa kwa msimu, au anayefanya kazi za vibarua: salio lake litapanda na kushuka kwa mzunguko mrefu kuliko mwezi. Picha ya siku moja ilimwonea mlipaji kamili. Filamu ya miaka miwili inaweza kumwonea mtu huyu, na inamwonea kwa muda mrefu zaidi kwa sababu haifutiki kwa malipo ya mwezi mmoja. Benki iliyotoa kadi ina njia ya kumtofautisha, kwa kuwa inaona kipato kikiingia na inaweza kumpigia simu na kumuuliza. Mkopeshaji mgeni anayenunua alama tupu hana njia hiyo, na alama zile hazina mahali pa kuandika kwamba mzazi amepona.